Land Rover ya Guka Ina Injini ya Toyota, na Sioni Aibu

Mnunuzi alikuja nyumbani kwetu Kinangop asubuhi, viatu vyake vikiwa vimejaa matope mpaka kwenye kamba. Alikuwa amesikia kuna Series III ya mwaka 1978, mwili mrefu, imewekwa chini ya banda. Alizunguka gari mara mbili. Akagonga mlango kwa kidole, akasikia ile sauti ya alumini, akatabasamu. Akasoma kibati cha chesi, akatabasamu tena. Halafu akafungua boneti.

Tabasamu likaisha. "Hii si Land Rover tena," akasema. "Hii ni Hiace imevaa koti."

Bei aliyokuwa ametaja kwa simu ikashuka nusu palepale. Akatuambia kama tungekuwa na ile injini ya kwanza, ifufuliwe na irudishwe mahali pake, angerudi na pesa zote. Na tunayo, kusema kweli. Iko nyuma ya stoo, imelala kwa ubavu, kuku wanaikalia. Sasa familia imegawanyika. Anko anataka tuifufue, tuuze, kuna karo inangoja. Shosho hataki hata kusikia. Mimi nimeulizwa kwa sababu ndio mnasema nafanya mambo ya magari kwa simu, basi nikaenda kusoma. Nilichokuta kimenifanya niandike hii.

Tuanze na swali la huyo jamaa: Land Rover orijino ni ipi?

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa imetoka vitani bila pesa. Chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, na serikali ilitaka kila kiwanda kiuze nje ya nchi. Kampuni ya Rover ilikuwa inatengeneza magari ya saluni ya watu wenye heshima zao, ambayo hakuna aliyekuwa na pesa ya kununua. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, na pale shambani alikuwa anatumia Jeep ya Marekani iliyobaki baada ya vita. Wazo likaja la kutengeneza gari kama hilo la mkulima. Walipounda la kwanza la majaribio walichukua fremu na ekseli za Jeep, wakaweka juu yake injini ya gari la saluni la Rover, na usukani wakauweka katikati kama wa trekta.

Soma tena hapo polepole. Land Rover ya kwanza kabisa, kabla haijawa hata na jina, ilikuwa ni chesi ya kampuni moja na injini ya kampuni nyingine. Mafundi wa Rover walifanya kile ambacho fundi wa guka alikuja kufanya miaka 50 baadaye, tofauti ni kwamba wao walikuwa na makoti meupe.

Gari lenyewe lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na injini ya petroli ya lita 1.6 kutoka kwa saluni ya Rover P3. Mwili ni wa alumini kwa sababu alumini ilikuwa inapatikana na chuma hakipatikani. Yaani hata ile sauti ya mlango iliyomfurahisha mnunuzi wetu ni sauti ya shida. Walitumia kilichokuwepo.

Na hawakuishia hapo. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1964. Mkuu wa Rover, William Martin-Hurst, alikuwa Wisconsin, Marekani, kwenye karakana ya Mercury, hao watu wa injini za boti. Alienda kuzungumza biashara ya kuwauzia injini za Rover. Pale sakafuni akaona V8 ndogo ya alumini, nyepesi, imetolewa kwenye gari la Buick ili ijaribiwe kwenye boti. Akauliza ni ya nani. Ni ya General Motors, na wamekwisha kuacha kuitengeneza. Kufikia mwanzo wa 1965 Rover walikuwa wamenunua haki ya kuitengeneza, na hata mhandisi wa Buick aliyeijua vizuri, Joe Turlay, akaenda Uingereza kuwasaidia. Injini hiyo ya lita 3.5 ikaingia kwenye saluni za Rover, halafu kwenye Range Rover ya 1970, halafu mwaka 1979 kwenye Land Rover yenyewe, ile wanaiita Stage 1. Leo watu wakisikia V8 ya Range Rover wanasema ah, hiyo ndiyo sauti ya Uingereza. Sauti ya Buick, bana. Iliokotwa sakafuni kwa fundi wa boti.

Huko Australia nako, mwanzoni mwa miaka ya 80, wauzaji wa Land Rover walichoka na wateja kulalamika kwamba gari halina nguvu huku Toyota inawapita jangwani. Wakaweka injini ya dizeli ya Isuzu, 4BD1, lita 3.9, injini ya lori, tena kutoka kiwandani kabisa, na jeshi la Australia likanunua za namna hiyo kwa mamia. Afrika Kusini katika miaka ya 90 walitoa Defender yenye injini ya petroli ya BMW, lita 2.8. Hizo zote zina kibati halali cha Land Rover na hakuna mtu amewahi kuziita Hiace.

Kwa hivyo ukibadilisha injini ukiwa na nembo ya kampuni kwenye shati, huo ni uhandisi. Ukibadilisha ukiwa chini ya mti na winchi ya mnyororo, umeharibu historia. Hapo ndipo mimi nakataa.

Sasa turudi Kinangop. Kizazi chetu kinaona Land Rover kama gari la picha nzuri, taa za mviringo, hema juu. Kwa kizazi cha guka halikuwa hivyo. Miaka ya 50, wakati wa Hali ya Hatari, Land Rover ilikuwa gari la polisi na la bwana DO. Ukiisikia inapanda mlima ulikuwa unajua kuna mtu atachukuliwa. Shosho husema mpaka leo akisikia ile gia ya kwanza ikilia, tumbo linamshika kidogo, halafu anakumbuka ni yetu.

Baada ya uhuru gari lilelile likabadilisha mikono. Ikawa ya chifu, ya daktari wa mifugo, ya chama cha ushirika, ya misheni. Zile za miaka ya 70 nyingi hata hazikutoka Uingereza zikiwa nzima. Zilikuja vipande vipande zikaunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland ambacho baadaye kilikuja kuitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Ya guka ni moja ya hizo. Aliinunua kwa mnada mwanzoni mwa miaka ya 80, ikiwa imechoka tayari, ili abebe maziwa na viazi mpaka barabara kubwa. Nadhani pia alitaka tu kuketi upande wa usukani wa gari lile. Hakuwahi kusema hivyo, hilo ni langu.

Injini iliyokuja nayo ni dizeli ya lita 2.25. Wazee wanaijua. Nguvu farasi 62, yaani wakati ni mpya, kule Uingereza, usawa wa bahari. Sasa ipande Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu, hewa nyembamba, imebeba magunia ya viazi na watu juu ya magunia. Ilikuwa inapanda kwa mwendo ambao mtoto angeshuka, akachuma matunda damu, akarudi ndani. Na ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: krenki yake ilishikiliwa na beringi 3 tu. Kiwanda kilikuja kuongeza zikawa 5 mwaka 1980, na ya guka ni ya 1978. Dizeli inapiga kwa nguvu kuliko petroli, kwa hivyo ukiilazimisha kila siku kwa miaka mingi, krenki inachoka, na siku moja inakatika.

Ilikatika wakati wa El Niño. Wale wa umri wangu hatukumbuki, lakini mvua iliyoanza mwishoni mwa 1997 ilibeba madaraja na barabara nchi nzima. Gari likafia matopeni likiwa na maziwa ya watu. Maziwa yakamwagwa. Krenki mpya ilikuwa haipatikani, na iliyopatikana ilikuwa bei ya ng'ombe kadhaa.

Hapa historia ya nchi inaingia kwenye injini. Miaka michache nyuma, mwanzoni mwa 90, Kenya ilikuwa imelegeza sheria za kuagiza bidhaa na za pesa za kigeni. Magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kuingia kwa wingi, na nyuma ya magari zikaja injini tupu. Kule Japani gari likizeeka, ukaguzi wa lazima wa serikali unakuwa ghali, mwenye gari anaona afadhali aliachilie. Linakatwa, injini inatolewa ikiwa bado nzima, inapakiwa kontena, inashuka Mombasa. Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, unazikuta zimepangwa mlangoni, zina grisi, zina alama ya chaki. Wakati huohuo matatu za Hiace na Nissan zilikuwa zimejaa barabarani, kwa hivyo kila fundi wa kila mji alikuwa anazijua injini hizo kama jina lake, na kila duka la spea lilikuwa na gasketi na nozo zake.

Guka alinunua Toyota 3L. Lita 2.8, dizeli ya kawaida, hakuna tabo, hakuna kompyuta. Nguvu farasi kama 90. Aliyemwekea alikuwa fundi wa mjini Engineer (ndiyo, mji unaitwa hivyo, na hapana, sikuutunga), na kazi yake nimeichunguza wiki mbili hizi nikiwa nimelala chini ya gari na tochi mdomoni.

Kwanza, injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover hazijuani. Matundu ya bolti hayalingani hata moja. Fundi alikata bamba nene la chuma, upande mmoja akatoboa matundu ya Toyota, upande mwingine ya Land Rover. Inasikika rahisi. Lakini ile shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya krenki, ndani ya bushi ndogo ya shaba iliyochongwa kwa leithi. Ikienda kando kwa unene wa kucha tu, klachi itakuwa inatetemeka, beringi ya mbele ya giaboksi itakufa, na utakuwa unamlaumu mchawi. Klachi nayo ni mseto: kifuniko na flaiwili ni vya Toyota, sahani katikati ina meno ya Land Rover, kwa sababu sahani ndiyo inashika shafti ya giaboksi.

Pili, difu la mbele la Series haliko katikati, liko upande wa kulia, na springi zikibonyea kwenye shimo linapanda juu kuelekea kwa injini. Sampu ikikaa vibaya, shimo la kwanza tu utamwaga oili yote. Fundi wetu aliikata sampu, akaichomelea upya ikawa na tumbo upande mmoja. Unaona kabisa mstari wa weldi. Haujavuja tangu 1998.

Alitumia Land Rover nyingine iliyokufa kutengeneza mikono ya kushikilia injini kwenye chesi. Kebo ya mafuta ni ya baiskeli. Hiyo sitaitetea, nitaibadilisha.

Na kuna makosa, tusidanganyane. Watu wa hii michezo siku hizi wanapenda kwenda moja kwa moja kwa 1HZ, ile ya silinda 6 ya Land Cruiser, lita 4.2. Wasee, Series haikujengwa kwa hayo. Giaboksi yake na shafti zilizo ndani ya ekseli ya nyuma zilipimwa kwa injini za nguvu ndogo. Ukileta mnyama wa 1HZ hujaponya gari, umehamisha ugonjwa: injini haifi tena, sasa unavunja shafti kila ukiachilia klachi kwa hasira. Utaishia kubadilisha giaboksi, halafu ekseli, halafu chesi inapasuka, na mwisho una Land Cruiser yenye sura ya Land Rover na deni. Tena baadhi ya injini za Japani zimetoka kwa malori ya volti 24, na gari lako ni la volti 12. Watu huunganisha tu, wanaunguza stata, halafu wanasema Toyota ni mbaya.

Breki ndizo zinaniogopesha zaidi. Series zote zina breki za dramu, magurudumu yote manne. Zilitosha gari lilipokuwa haliwezi kukimbia. Likipata mwendo wa ziada, zile breki hazijui kwamba kuna injini mpya. Guka alikuwa na akili ya kuendesha kama zamani. Anko hana akili hiyo, na akisoma hii ajue nimesema.

Lakini ule ugomvi wa uorijino bado unanikera, maana una bei. Mnunuzi anataka tulipe fundi, tununue krenki ya kuagiza, tufufue ile injini ya kuku, tuitoe Toyota inayowaka kila asubuhi kwa mara ya kwanza hata kwenye baridi ya Julai, ndipo gari liwe na thamani. Thamani kwa nani? Kwake gari lilikuwa historia kutoka 1978 mpaka siku krenki ilipokatika. Miaka yote iliyofuata, maziwa, mazishi, arusi, wagonjwa waliopelekwa Naivasha usiku, mitihani ya shule iliyofikishwa barabara zikiwa zimekatika, hiyo kwake ni uchafu wa kusuguliwa. Hata hivyo Toyota imekaa ndani ya hilo gari miaka mingi kuliko ile injini ya kwanza. Nimepiga hesabu mara mbili nikamwonyesha anko. Alinyamaza, halafu akasema hesabu hailipi karo. Ako sawa pia. Sina jibu la karo.

Kitu kingine ambacho kimenishangaza: watu wa nje ya nchi wenyewe hawana huo usafi. Uingereza, kwenyewe zilikotoka, watu huchukua Discovery za miaka ya 90 zilizooza mwili, wakatoa injini yao ya 200Tdi wakaweka kwenye Series. Ni kawaida kabisa. Kosa la guka ni kwamba hakuwa na Discovery iliyooza. Alikuwa na Grogan.

Na Toyota yenyewe, ambayo inachukuliwa kama mgeni ndani ya boneti yetu, si mgeni sana. Land Cruiser ilianza mwaka 1951 kama gari lililofuata mfano wa Jeep, Toyota wakalipa injini ya lori lao. Waliliita hata Toyota Jeep, mpaka 1954 walipobadilisha jina kwa sababu jina la Jeep lilikuwa na mwenyewe. Kwa hivyo Wilks na Toyota wote walimtazama Jeep yuleyule, wote wakaweka injini waliyokuwa nayo nyumbani. Hawa ni binamu waliokutana Kinangop kwa matope.

Na kazi hii haijaisha. Hapa Nairobi, kampuni iliyoanza 2017 ikiitwa Opibus, leo ni Roam, ilikuwa inatoa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota za umeme na betri, ili simba wasikimbie kelele. Kuna mtu mahali fulani ameshaanza kusema kwamba hizo si orijino.

Sasa kuna jambo moja ambalo mnunuzi hakuliona, na mimi nililiona baada ya yeye kuondoka. Nilitoa logbook. Namba ya injini iliyoandikwa humo ni ya ile injini ya kuku. Guka hakuwahi kwenda kubadilisha. Kwa karatasi za serikali, Toyota haijawahi kuwepo, na ile dizeli iliyokatika krenki wakati wa El Niño ndiyo inayopanda mlima mpaka leo. Hata tukiamua kuuza kesho, hatuwezi kuuza vizuri, na hata tukiamua kukaa nayo, polisi mwenye tochi na muda anaweza kutusumbua. Kama una gari la namna hii nyumbani, leo jioni fungua boneti, linganisha namba na logbook. Usingoje mnunuzi.

Jumamosi nilipiga brashi ya waya ubavuni mwa bloku ya Toyota mpaka namba ikatokea, nikaiandika kwenye daftari na kupiga picha. Wiki ijayo naanza safari ya kuibadilisha: ukaguzi, fomu, foleni. Wataniuliza risiti ya injini. Nimemuuliza shosho, amesema risiti za mwaka huo zilikuwa kwenye sanduku lililolowa. Anko amesema nikiulizwa niwaambie waitafute kwa El Niño.